Ukakamavu Kwanza, Urefu Baadaye

Anayetafuta skii za theluji ya unga, ile laini iliyoanguka karibuni na kulala kwa kina, huanza kwa kuulizia urefu. Mazoea hayo ni ya zamani. Katikati ya karne iliyopita mteja aliambiwa anyooshe mkono juu, na skii iliyomfika kiganjani ndiyo iliyomfaa. Siku hizi kipimo kimeshuka hadi kwenye paji la uso au kidevu, lakini wazo halijabadilika: kimo cha mtu ndicho kinachoamua. Kwa theluji ya unga wazo hilo halifai tena. La kuamua kwanza ni ukakamavu wa skii, yaani inapinda wapi na kwa nguvu kiasi gani, na huo huamuliwa kwa uzito wa mwenyewe na kasi anayoipenda. Urefu uje baadaye. Kuusoma ukakamavu ni ufundi hasa, kwa anayeunda skii na kwa anayeichagua, na haupewi heshima unayostahili.

Hesabu yenyewe si ngumu. Theluji mpya iliyo kavu ina uzito wa kilo 50 hadi 100 hivi kwa mita ya ujazo, ilhali maji yana kilo 1,000. Mtu akiikanyaga kwa viatu vitupu anaweza kuzama hadi mapajani. Skii humzuia asizame kwa kuutandaza uzito wake, kama ubao anaoulaza mtu juu ya tope ili avuke. Chukua basi skii ya sentimita 180 yenye upana wa wastani wa sentimita 12. Ukiirefusha kwa sentimita 10, eneo lake linaongezeka kwa asilimia tano na nusu tu. Ukiipanua kwa sentimita 2, linaongezeka kwa karibu asilimia 17. Anayerefusha skii ili aelee juu ya theluji anatafuta faida pasipo na faida kubwa. Tena sentimita zile 10 zina gharama yake. Ubao wenye upana na unene ule ule, ukirefushwa kutoka 180 hadi 190, unakuwa mzito kuuzungusha kwa takribani asilimia 18 zaidi, na mtu huilipa gharama hiyo ndani ya misitu, kama ile ya Hokkaido huko Japani, ambako kona isipokatwa papo hapo mti unasubiri. Sisemi kwamba urefu hauna kazi. Unampa mtu nafasi ya kuyumba mbele na nyuma bila kupinduka, na unaituliza skii kwenye kasi kubwa katika miteremko iliyo wazi, kama ya Alaska. Hiyo ni kazi ya utulivu, na kuelea ni jambo jingine.

Mabadiliko makubwa ya skii hizi yanathibitisha hoja. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rupert Huber wa kampuni ya Atomic, Austria, alitoa skii pana iliyoitwa Powder Plus. Ilikuwa fupi kuliko zile nyembamba za mita mbili zilizozoeleka, na wengi waliopelekwa kwa helikopta kwenye milima ya Kanada waliona kwamba wanaweza kushuka kutwa nzima bila miguu kuisha nguvu. Kisha mwaka 2002 kampuni ya Volant ya Marekani ikatoa Spatula, iliyobuniwa na Shane McConkey, mtu aliyewahi kushuka theluji ya Alaska kwa skii za majini. Skii za kawaida zilikuwa zimeinuka katikati kama upinde, ncha na mkia vikigusa chini. Spatula iligeuza mambo: katikati ndiyo iliyogusa, ncha na mkia vikainuka. Kabla yake, ncha ilisubiri kupindishwa juu na theluji yenyewe, kwa hiyo ilibidi skii iwe laini, la sivyo ncha ingezama na kumrusha mtu kichwa mbele. Ncha ilipozaliwa ikiwa tayari imeinuka, ulazima huo ukaisha. Katikati pangeweza kuwa pagumu bila ncha kuzama. Tangu hapo ukakamavu ni jambo la kuchagua, na kila penye kuchagua pana nafasi ya kukosea.

Mtengenezaji huliona hilo kwenye kiini cha mbao. Kiini hicho, mara nyingi cha mpopla au mbao nyingine nyepesi, huwa kinene chini ya kiatu, milimita 10 au zaidi, kisha hukonda taratibu hadi milimita 2 hivi nchani, kabla ya kufunikwa kwa tabaka za faibaglasi. Ukakamavu wa mbao hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene: unene ukizidishwa mara mbili, ukakamavu unazidi mara nane. Ndiyo maana milimita moja ikiongezwa juu ya 10, kiini kinakuwa kikakamavu zaidi kwa theluthi moja, na kule nchani nusu milimita tu inakaribia kuuzidisha mara mbili. Kosa dogo la randa, ambalo jicho halilioni, linatosha kuigeuza skii tulivu kuwa skii inayong'ang'ania theluji. Sijui kazi nyingi za mbao zenye adhabu kali hivyo kwa kosa dogo hivyo.

Kwa mchaguzi, chombo ni mkono. Simamisha skii kwa mkia wake juu ya zulia, shika ncha kwa mkono mmoja, na kwa kiganja cha mwingine sukuma katikati. Angalia inaanzia wapi kupinda. Ncha ianze mapema, kwa mkunjo mmoja usio na mahali panapovunjika ghafla. Chini ya kiatu pasilegee. Mkia uwe mgumu kidogo kuliko ncha, wa kumbeba mtu anapotua, ila usiwe mgumu wala mpana kiasi cha kukataa kuzama, maana mkia unaoelea mno huisukuma ncha chini. Mtu wa kilo 60 na wa kilo 95 wanaweza kulingana kimo, lakini skii ile ile kwa wa kwanza ni gogo lisilopinda, na kwa wa pili inabonyea katikati hadi ncha inalima theluji na kumpunguzia mwendo.

Kuna watakaosema kwamba mkono hudanganya, na kwamba urefu angalau ni namba. Lakini namba hiyo nayo haitulii. Watengenezaji wengine hupima kwa utepe ulionyooka toka ncha hadi mkia, wengine huufuatisha mkunjo. Ukizibananisha skii mbili za sentimita 190 soli kwa soli, huenda zikagusana sehemu fupi sana ya katikati. Mkono haukupi kipimo kamili, ni kweli, lakini ukishika jozi mbili kwa zamu unakuonyesha ipi inapinda wapi, na hilo ndilo unalolihitaji. Wengine watataja mashindano, kama aliyoshiriki Sabrina Simader kwa niaba ya Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018, ambako urefu wa skii umewekewa kanuni. Kanuni hizo ni za njia ngumu iliyoshindiliwa, ambako makali ya chuma huuma barafu. Theluji ya unga haina cha kuumwa.

Kwenye skii nyingi utakuta umechapwa urefu, upana wa sehemu tatu na ukubwa wa mkunjo wa ubavuni. Ukakamavu haumo, ingawa viwanda huupima ili kuoanisha skii ya kulia na ya kushoto. Watengenezaji na wauchape: wa ncha, wa katikati na wa mkia, kando ya zile namba tatu za upana.