Iten Walianza na Alama: Uchambuzi kwa Timu za Shule za Handeni na Korogwe

Timu ya wilaya ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, huundwa kwa siku chache tu. Shule zinakutana, walimu wa michezo wanakaa pembeni ya uwanja na madaftari yao, na jioni majina yanasomwa: kipa wa shule hii, beki wa shule ile, winga mwenye kasi kutoka Kabuku, kiungo wa Mombo. Walimu hawa wanaujua mpira na wanawapenda vijana wao. Lakini katika mchujo wote huo hakuna mahali alama za darasani zinapoulizwa. Mwenye F ya Hisabati na mwenye B wanapangwa kwa miguu yao. Wanaopita wanakwenda mkoani Tanga, wachache wanafika taifa, iwe Mtwara, Tabora au Iringa kutegemea mwaka. Wanarudi na jezi, na Novemba mtihani wa Kidato cha Nne unawakuta.

Ng'ambo ya mpaka, huko Iten katika Bonde la Ufa la Kenya, wapo watu wawili waliopanga mchujo kinyume na wetu, na kazi yao inastahili kuangaliwa hatua kwa hatua.

Mwaka 2004 Mmarekani John Manners na Profesa Mike Boit walianzisha mpango ulioitwa KenSAP, yaani Kenya Scholar-Athlete Project. Manners ni mwandishi wa habari za riadha aliyewahi kuishi Kenya utotoni, kisha akarudi kufundisha huko. Boit hahitaji maelezo mengi kwa wapenzi wa riadha: ndiye aliyechukua shaba ya mita 800 kwenye Olimpiki ya Munich 1972, na kususiwa kwa michezo ya 1976 na 1980 kukamnyima nafasi ya kurudi kwenye jukwaa lile. Mbio zilimfikisha vyuo vya Marekani, akasoma hadi shahada ya uzamivu na kuwa mwalimu wa Chuo Kikuu cha Kenyatta. Aliujua mfumo wa vyuo hivyo kwa ndani, kama mwanafunzi na kama mkimbiaji.

Wazo lao la mwanzo lilikuwa jepesi. Vyuo kama Harvard, Yale na Princeton vinataka wanafunzi wenye alama za juu kabisa. Makocha wa riadha wa vyuo hivyo nao wanataka wakimbiaji. Bonde la Ufa lina wakimbiaji wengi kuliko mahali pengine popote duniani. Basi atafutwe kijana mwenye vyote viwili.

Kilichofanya mpango ule ufaulu ni mpangilio wa hatua. Hawakwenda kwenye mashindano ya shule kutafuta anayeongoza mbio, kisha wakaomba ripoti yake. Walitangaza kwamba wanaotakiwa ni wale tu waliopata A au A ya kutoa kwenye KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari Kenya. Waliojitokeza wakahojiwa, wakapimwa, na ndipo wakapelekwa uwanjani kukimbia mita 1,500 kwenye vumbi la nyanda za juu. Wengi wao hawakuwahi kufanya mazoezi ya mbio maishani. Walikuwa watoto wa bweni waliozoea kuamka alfajiri kwa ajili ya kitabu. Fikiria binti anayepiga mizunguko karibu minne kwenye hewa nyembamba, huku kuna mtu ameshika saa pembeni, na binti mwenyewe hajui kwamba muda anaotafutiwa si wa ushindi. Walikuwa wanaangalia kama mwili wake una kitu ambacho kocha anaweza kukikuza baadaye.

Wachache walikimbia vizuri. Wengi walikimbia kawaida tu. Na hapa ndipo uzuri wa mchujo ule unapoonekana: walioshindwa mbio hawakurudi nyumbani mikono mitupu, kwa sababu alama zao zilikuwa palepale. Vyuo viliwachukua hata bila mbio. Mwaka hadi mwaka riadha ikapungua uzito ndani ya mpango wenyewe, hadi jina likabadilishwa, neno la mwanamichezo likaondolewa na badala yake likawekwa neno la fursa. Vijana zaidi ya 100 wameshapita njia hiyo kwenda vyuo vikubwa vya Amerika Kaskazini.

Sasa tuangalie fedha, maana hapo ndipo wazazi wengi wa kwetu hudanganyika. Wanaposikia "ufadhili wa michezo Marekani" hudhani ni kitu kimoja. Upo wa aina mbili, na tofauti yake ni kubwa.

Aina ya kwanza ni ufadhili wa mchezaji. Chuo kinamlipia kijana ada, malazi na chakula kwa sababu anacheza. Kwa miaka mingi, tangu 1973, ufadhili huo ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja. Ni mwaka 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa kuahidi miaka zaidi. Maana yake ni kwamba kijana aliyevunjika goti, au aliyekosana na kocha mpya, aliweza kuambiwa mwisho wa mwaka kwamba nafasi yake imeisha. Aina ya pili ni msaada unaotolewa kwa kuangalia kipato cha familia. Vyuo vinane vya kundi linaloitwa Ivy League, ambavyo Harvard, Yale na Princeton vimo, havitoi ufadhili wa michezo kabisa. Mkulima wa Kwamsisi asiye na kipato akimpeleka mwanawe huko, chuo kinaangalia umaskini wake na kulipa pengo. Kocha hana mkono kwenye fedha hiyo. Mtoto akiacha kucheza, anaendelea kusoma.

Manners na Boit walilenga vyuo vya aina hii ya pili. Sidhani kama kuna uamuzi mwingine ndani ya mpango ule uliokuwa na maana kuliko huu. Mbio zingeweza kufungua mlango, lakini hazikuwa na uwezo wa kuufunga.

Hata kwenye vyuo vinavyotoa ufadhili wa mchezo, darasa limefungwa pamoja na jezi kwa kanuni. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, kinamtaka mwanafunzi wa daraja la kwanza awe amefaulu kozi 16 za msingi za sekondari: Kiingereza, Hisabati, Sayansi, maarifa ya jamii na nyinginezo, kwa wastani usiopungua 2.3 katika kipimo cha 4. Akishaingia chuoni, ifikapo mwisho wa mwaka wa pili awe amekamilisha asilimia 40 ya shahada yake, wa tatu 60, wa nne 80. Akipungukiwa, havai jezi, hata kama ndiye mfungaji bora. Kuna pia saa inayokimbia: kwa miaka mingi kanuni imempa mchezaji wa soka mwaka mmoja tu baada ya muda wake wa kumaliza sekondari; mwaka huo ukipita naye akiendelea kucheza ligi bila kujiunga na chuo, anaanza kupoteza misimu. Tangu Julai 2025 vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, ila kwa mwanafunzi wa kigeni viza yake ina masharti makali ya kazi, kwa hiyo asiyepata ushauri asikimbilie kuhesabu pesa hizo.

Mtanzania anayejulikana zaidi katika njia hii ni Hasheem Thabeet. Alianza kikapu akiwa na miaka 15 hivi Dar es Salaam, akaandika barua pepe kwa vyuo mwenyewe, akapitia sekondari Texas, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut 2006. Mwaka 2009, baada ya misimu mitatu, akachaguliwa wa pili katika usajili wa NBA. James Harden alikuwa wa tatu, Stephen Curry wa saba. Sina neno baya kwa kijana aliyefanya hivyo kwa juhudi zake. Nchi nzima ilijivunia. Ila mzazi wa Korogwe asiichukue hadithi ile kama ramani. Thabeet ana mita 2.21. Urefu haufundishwi. NCAA yenyewe inakadiria kwamba kati ya wachezaji wa vyuo wa kikapu cha wanaume, na hali kadhalika wa mpira wa Kimarekani, wanaofika ligi kuu za kulipwa hawafiki wawili katika kila 100.

Na tunao mfano wetu wa soka ambao hatuuzungumzi vya kutosha. Leodegar Tenga, nahodha wa Taifa Stars iliyocheza Fainali za Mataifa ya Afrika Lagos 1980, ni mhandisi. Alikuja kuongoza TFF kuanzia 2004 hadi 2013. Dk. Mshindo Msolla, aliyeifundisha Stars na baadaye kuwa mwenyekiti wa Yanga, ni msomi wa kilimo. Mpira haukuwazuia kusoma, na kusoma hakukuwatoa kwenye mpira. Kwa kweli kuliwarudisha wakiwa wakubwa zaidi.

Turudi nyumbani. Mkoa wa Tanga umeshaonja ugumu wa kutegemea mpira peke yake. Coastal Union ni bingwa wa Tanzania wa 1988. Msimu wa 2015/16 mkoa ulikuwa na timu tatu Ligi Kuu: Coastal, African Sports na Mgambo ya JKT, ambayo ni timu ya Handeni. Zote tatu zilishuka daraja msimu huohuo. Watu wa Mkwakwani wanakumbuka. Coastal ilirejea 2018, lakini fikiria wachezaji vijana waliokuwa wamejipanga kwenye madaraja ya chini wakisubiri nafasi katika timu hizo. Nafasi ziliondoka kwa mkupuo, na aliyekuwa hana cheti hakuwa na pa kwenda ila kwenye bodaboda au shamba la mkonge.

Dirisha la hatari liko wazi na linajulikana. Mtihani wa Kidato cha Nne unafanyika Novemba, matokeo yanatoka Januari, Kidato cha Tano kinaanza Julai. Ni miezi saba au minane ya kijana wa miaka 17 au 18 asiye na ratiba. Hapo ndipo ndondo zinamchukua: leo Mkata, keshokutwa Segera, wiki ijayo kombe la mbuzi kijijini. Analipwa kidogo kidogo, anasifiwa, na mara anatokea mtu anayejiita wakala anaongea habari za majaribio Ulaya. Mzazi ajue jambo moja: kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kimataifa, isipokuwa katika mazingira machache ambayo mtoto wa Handeni kwa kawaida hayamhusu. Anayeomba hela ya pasipoti kwa ajili ya majaribio ya mtoto wa miaka 16 anatafuta hela. Na kijana anayesaini mkataba wa kulipwa bila kuusoma anaweza kuwa amejifungia mlango wa vyuo kabla hajajua kwamba upo.

Iten waliutumia muda kama huohuo tofauti kabisa. Waliochaguliwa walikaa kambini kwenye kituo cha mazoezi cha mkimbiaji Lornah Kiplagat, wakajiandaa kwa SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, wakafundishwa kuandika insha ya maombi, wakajaza fomu za kipato cha familia. Asubuhi mbio, mchana kitabu. Kambi kama hiyo inawezekana kwetu bila fedha za ajabu. Korogwe kuna Chuo cha Ualimu, chenye wakufunzi na wanachuo wanaohitaji uzoefu wa kufundisha. Wachezaji 30 wa sekondari za wilaya hizi mbili, waliochaguliwa kwanza kwa alama, wakikaa wiki sita kati ya Januari na Julai wakisoma Hisabati na Kiingereza asubuhi na kucheza jioni, kazi kubwa itakuwa imefanyika. Hisabati naitaja makusudi, kwa sababu katika mtihani wa Kidato cha Nne wa 2023 waliofaulu somo hilo nchi nzima walikuwa karibu robo tu.

Najua kitakachosemwa: wangapi watafika Marekani? Pengine hakuna hata mmoja kwa miaka ya mwanzo. Lakini angalia tena kilichotokea kwa wale walioshindwa mbio Iten. Kijana wa Kabuku aliyechujwa kwa alama, akakosa chuo cha nje, bado ana njia ya Kidato cha Tano, ambako ada imefutwa tangu 2022, na baadaye mkopo wa elimu ya juu na nafasi ya Mlimani, Mzumbe au Sokoine. Anaweza kuendelea kucheza huko. Kijana aliyechujwa kwa miguu tu, akakosa timu, hana mahali pa kurudi. Hii ndiyo tofauti ya mifumo miwili, na haihitaji bajeti mpya kuibadilisha. Inahitaji swali moja liulizwe mapema zaidi.

Kwa hiyo namwomba mwalimu wa michezo wa Handeni na Korogwe, na Afisa Michezo wa kila halmashauri: kabla ya mchujo ujao wa UMISSETA, omba ripoti za mihula miwili ya kila mchezaji, ziandike kwenye daftari lilelile unaloandikia namba za jezi, na atakayekuwa na alama mbaya mpangie mtu wa kumfundisha kabla hujampangia namba uwanjani. Nakala za ripoti hizo zitunzwe shuleni zikiwa na muhuri. Siku chuo chochote kitakapoziomba, ndani au nje ya nchi, ziwepo.