Yona Jikoni: Mke Mfanyakazi katika Bembea ya Maisha

Miongozo niliyoitumia kufundishia Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, humsifu Neema kwa sifa zile zile: ni mwajibikaji, ana bidii, ana utu. Bunju, mumewe, huitwa mchoyo kwa kusitasita kutoa pesa za matibabu ya Sara, mamake Neema. Sifa hizi si za uongo. Ila zinalipunguza suala la mke mfanyakazi likawa suala la shilingi tu.

Mimi hukaa Kitengela na kufundisha upande wa Kajiado. Saa kumi na moja alfajiri niko jikoni. Saa kumi na mbili kasoro niko stejini kungoja matatu za barabara ya Namanga. Jioni kuna insha za kusahihisha na sufuria ya kuinjika. Kwangu kinachopungua kwanza si pesa, ni saa. Ndiyo maana naona mhusika anayetufunza zaidi kuhusu mke mfanyakazi si Neema bali Yona, babake.

Yona, aliyemtesa Sara kwa ulevi na kipigo, baadaye anaingia jikoni kumpikia. Aghalabu tendo hili tunalifundisha kama toba na ishara ya mabadiliko, na ni kweli. Lakini utazame wakati wake, mwalimu mwenzangu. Sara ni mgonjwa. Mlango wa jiko unamfungukia mwanamume baada ya mwili wa mwanamke kushindwa, na hata hapo mila bado inanung'unika. Siku moja mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliniuliza: "Mwalimu, Sara asingeugua, Yona angepika lini?" Sikuwa na jibu. Kengele iliniokoa.

Tumrudie Neema tukiwa na swali hilo. Amesoma, ana kazi, anawafaa wazazi wake. Hata hivyo mzigo wa kuuguza unamwangukia yeye, kana kwamba ajira yake ni nyongeza tu juu ya kazi aliyozaliwa nayo. Bunju anaombwa pesa, haombwi zamu. (Nakiri kuwa Bunju humwonea huruma kidogo. Mipango ya nyumba ikishaafikiwa, kuivunja si mchezo.)

Alamin Mazrui aliligusa jambo hili mapema katika Kilio cha Haki (1981). Lanina anaongoza wafanyakazi, huku Mwengo, mumewe, akimlaumu kwa kuisahau nyumba. Pale lawama inatamkwa, kwa hivyo inaweza kujibiwa. Katika Bembea ya Maisha imejificha ndani ya mazungumzo ya pesa, na sisi walimu tunaiacha humo humo.

Muhula uliopita nilitahini sifa za Bunju. Mvulana mmoja, baada ya kutaja uchoyo, aliongeza kwamba hakuna aliyemuuliza Bunju kama anajua kupika. Hoja hiyo haimo katika mwongozo wowote nilio nao. Nilimpa alama.