Nakala Isiyojificha

Ford ya mwaka 1932 ilitoka kiwandani na kitu ambacho magari ya bei nafuu hayakuwa nacho: injini ya V8 ya nguvu za farasi 65, bloku yake imesubiwa kipande kimoja. Vijana wa kusini mwa California waliipenda kwa sababu nyingine pia. Lilikuwa gari jepesi, na baada ya miaka michache lilipatikana kwa bei ya mtumba. Waling'oa madigadi, bampa na hata kioo cha mbele, wakaichokonoa injini, kisha wakaenda kushindana juu ya maziwa makavu kama Muroc, ambako chama cha SCTA, kilichoundwa 1937, kilisimamia mbio zao. Magari hayo ndiyo yaliyokuja kuitwa hotirodi. Ila mapenzi hayo yalikula mtaji wake. Kila Ford iliyokatwa, iliyopinduka, iliyoliwa na kutu au kuyeyushwa kama chuma chakavu wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ilipunguza hesabu isiyoongezeka. Leo anayelitaka gari hilo ama alitafute lililosalia na alipe inavyotakiwa, ama alijenge kwa spea mpya zilizoigwa kutoka za zamani. Namsifu huyu wa pili, na hasa kwa sehemu ya kazi yake ambayo watu huipita: kutafuta spea iliyo sahihi, kisha kuliandikisha gari kwa jina lake halisi. Naziona hizo kuwa kazi moja, kwa sababu zote mbili zinamtaka mtu akijue kitu alicho nacho na akitaje kama kilivyo.

Tuanze na chuma. Magari mengi ya zama zile yalificha chesi nyuma ya bati, lakini Ford ya 1932 inaionyesha. Ubavu wa chesi yake uko wazi chini ya mlango, nao umepigwa mkunjo mrefu unaofuata umbo la gari. Fundi anayechomelea mabomba ya mraba atapata chesi imara, pengine imara kuliko ya Ford yenyewe, lakini mjuzi atamkamata akiwa ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo waigaji makini walilazimika kurudi kwenye kalibu na mashine ya kukandamiza bati. Katika mji wa Brookville, jimbo la Ohio, kampuni ya Brookville Roadster hutengeneza bodi nzima za chuma za Ford za 1928 hadi 1931, na ile ya 1932 pia. Ilianza na viraka vya kuziba palipooza kwa kutu. Kutoka kiraka hadi bodi nzima ni safari ya kuijua kila kona ya bati, maana kiraka kikikosea kidogo hujazwa puti na mambo yakaisha, lakini bodi ikikosea kidogo mlango haufungi. Zipo pia bodi za faibaglasi, ambazo ni nyepesi na haziozi. Sina ugomvi nazo, isipokuwa huo mlio wa mlango unapofungwa, ambao haujawahi kumdanganya mtu.

Mkosoaji atasema hapa hakuna ufundi wowote: mtu anafungua katalogi, analipa, anafunga bolti. Hoja hiyo ingesimama kama spea zingekubaliana zenyewe kwa zenyewe. Bodi ya gari la wazi haina paa la kuikaza, na ikiwekwa juu ya chesi hujipinda kufuata inapoegemea. Milango mipya iliyonyooka kabisa huanza kugusa juu na kuachia pengo chini. Dawa yake ni vipande vyembamba vinavyoingizwa kati ya bodi na chesi penye bolti. Ukiongeza kimoja chini ya nguzo ya mlango, pengo la juu linabadilika. Unakaza, unafunga mlango, unautazama, unalegeza tena. Hakuna katalogi inayouza kazi hiyo. Fundi yuleyule itabidi ajue pia ni spea ipi ya kuikataa. Kila Oktoba wakusanyaji hujaa Hershey, Pennsylvania, kwenye soko la spea kuukuu, na baadhi hawaendi huko kununua kitu cha kufunga garini. Wanatafuta kipande cha asili, hata kikiwa kimepasuka, ili wakipime na kukilinganisha na cha kuigwa: tundu liko wapi, ukingo umekunjwa kiasi gani, bati lina unene upi.

Kabureta ya Stromberg 97 ni mfano mzuri zaidi. Namba hiyo inatokana na kipenyo cha koo lake, inchi 0.97, na wachezea V8 waliipenda kiasi cha kufunga mbili au tatu kwa safu juu ya injini moja. Za zamani zimechakaa: vifuniko vimepinda, mashimo ya mihimili yamelika na kuvuta hewa. Sasa zinatengenezwa mpya Uingereza. Je, anayefunga mpya ameisaliti historia? Sioni hivyo. Kabureta iliundwa kuchanganya petroli na hewa kwa kipimo, na ile inayovuja imeacha kuwa Stromberg kabla mtu hajaitoa. Usaliti ungeanza siku muuzaji anapoipaka uchafu na kuiuza kama ya 1936.

Katika maandishi pia ni hivyo. Muhamadi Kijuma wa Lamu alinakili tenzi nyingi kwa mkono wake, na kunakili huko si kughushi, maadamu anayezipokea anajua mwandishi ni nani na mnakili ni nani. Nakala inaharibika pale tu inapodai kuwa kitu kingine. Na katika magari dai hilo halipo kwenye rangi wala kwenye bati. Lipo kwenye kadi ya gari.

Ford ya V8 ya 1932 ilichapwa namba yake juu ya upande wa kushoto wa chesi, ikianza na 18, na nyota kila mwisho. Sehemu ya alama hizo hufunikwa na bodi. Bloku ya injini haikupigwa namba hiyo. Namba hiyo ilipigwa pia kwenye nyumba ya giaboksi. Lakini majimbo mengi ya Marekani wakati huo yaliandikisha magari kwa kile yalichokiita namba ya injini, kwa hiyo kijana aliyebadilisha injini na giaboksi aliachwa na kadi isiyolingana na chuma. Zaidi ya miaka 90 baadaye vurugu hiyo ni mgodi kwa matapeli. Kadi ya zamani isiyo na gari huuzwa peke yake, chesi mpya inapigwa namba kwa nyundo na panchi za herufi, na gari la mwaka jana linakuwa la 1932. Sheria ya shirikisho inahesabu kughushi namba ya gari kuwa kosa la jinai, lakini tamaa ina sababu: gari la asili huuzwa ghali zaidi, na katika majimbo mengi kodi na ukaguzi wake ni mwepesi.

California ilijibu tamaa hiyo kwa busara zaidi kuliko kwa adhabu. Chini ya sheria iitwayo SB 100, ya 2001, kila mwaka magari 500 yaliyojengwa na watu binafsi huandikishwa kama yalivyo, yaani magari yaliyoundwa maalumu, huku masharti ya moshi yakifuata ama mwaka wa injini ama mwaka wa gari ambalo bodi inafanana nalo. Mkaguzi wa serikali ndiye anayeamua linafanana na lipi. Likifanana na la 1932 halipimwi moshi, kwa kuwa jimbo hilo halipimi magari ya petroli ya kabla ya 1976. Faida aliyokuwa akiitafuta mtu kwa uongo anapewa kwa kusema kweli. Serikali ya shirikisho ilifuata njia inayokaribiana na hiyo kwa sheria ya 2015, inayoruhusu kiwanda kidogo kutengeneza hadi magari 325 kwa mwaka yanayoiga magari ya angalau miaka 25 iliyopita, mradi injini zitimize masharti ya moshi ya leo na gari libandikwe kibandiko cha kudumu kinachotaja mwaka linaouiga.

Wapo watakaouliza kwa nini hewa ya watu wote ichafuliwe kwa starehe ya wachache. Swali ni la haki. Gari lililoachwa bila kipimo cha moshi limepewa upendeleo, na haifai kuuita haki ya utamaduni. Ukomo wa 500 katika jimbo lenye mamilioni ya magari ndio unaoufanya upendeleo huo uvumilike, na anayetaka ukomo uondolewe aje na injini safi.

Pingamizi zito zaidi linatoka upande wa pili: urasimu unaweza kumuumiza mkweli. Mwaka 2017, Kansas, mtu aliyenunua Chevrolet Corvette ya 1959 aliipeleka kukaguliwa ili iandikishwe. Ilionekana kwamba kibati cha namba kiliwahi kung'olewa, jambo lililofanyika wakati wa ukarabati, na kurudishwa kwa ribiti zisizo za kiwandani. Gari likakamatwa, na kwa sheria ilivyokuwa lilistahili kuharibiwa. Halikuokolewa mpaka bunge la jimbo lilipobadili sheria mwaka 2022. Kosa hapo lilikuwa la sheria iliyoshindwa kumtenga mkarabati na mwizi. Hata hivyo linaonyesha kwa nini nakataa kuitenga karatasi na ufundi. Fundi anayepiga picha kibati kabla ya kukigusa, anayetunza risiti ya chesi, ya bodi na ya giaboksi, na kuandika kipi ni cha zamani na kipi kimetengenezwa mwaka gani, anafanya kazi ileile ya vipande vyembamba chini ya mlango: anakilinganisha kilichosemwa na kilichopo mpaka pengo liwe sawa.

Gari lililoandikwa hivyo litauzwa chini ya bei ya Ford ya asili. Ndivyo inavyopaswa kuwa, na mnunuzi atakayeambiwa vinginevyo aombe risiti ya chesi kabla hajatoa pesa.