Foleni ya Dover: sekunde zilizozaa saa

Julai 2022, magari yaliposota kwa saa nyingi katika bandari ya Dover, Uingereza, pande mbili zilianza kurushiana lawama. Uongozi wa bandari ulidai polisi wa Ufaransa hawakufika vibandani kwa wakati. Upande wa Ufaransa ukajibu kuwa chanzo ni Brexit, yaani Uingereza kujitoa katika Umoja wa Ulaya. Ukifanya hesabu, utaona bandari ilikuwa imeshakalia kuti kavu.

Kwa mkataba wa Le Touquet wa 2003, polisi wa Ufaransa hukagua pasipoti Dover kwenyewe, kabla gari halijapanda feri ya Calais. Hadi mwisho wa 2020, Mwingereza alionyesha pasipoti akapita. Tangu Januari 2021 ni mgeni kutoka nje ya Umoja wa Ulaya: afisa huangalia kama hajazidisha siku 90 ndani ya siku 180, na wakati huo pia aligonga muhuri.

Chukua mfano. Kibanda kinachotumia sekunde 60 kwa gari hupitisha magari 60 kwa saa. Ongeza sekunde 30 tu, yatapita 40. Yakiendelea kuja 60, kila saa 20 hubaki. Baada ya saa sita yamerundikana 120, na anayefika wakati huo atasubiri saa tatu, hata kama hakuna afisa aliyezembea.

Dawa ya kawaida ni kuongeza vibanda. Lakini Dover imebanwa kati ya majabali meupe na bahari, kwa hiyo foleni hufurika hadi barabara za A20 na M20.

Mabasi ndiyo mtihani mkubwa zaidi, kwa sababu basi moja hubeba makumi ya abiria na kila pasipoti hukaguliwa. Wikendi ya kwanza ya Aprili 2023, safari za Pasaka zilipopamba moto, wapo waliokesha ndani ya mabasi.

Oktoba 2025 Umoja wa Ulaya ulianzisha mfumo wa EES, unaochukua alama za vidole na picha ya uso. Safari hii bandari ilijipanga: abiria wa mabasi hukaguliwa kwenye gati za magharibi, kisha basi hufungwa rasmi na kwenda moja kwa moja hadi feri zilipo upande wa mashariki. Ukaguzi haukufupishwa, ulihamishiwa penye nafasi. Anayetaka kukaza mpaka wowote wa feri aanze hapo: apime kwanza eneo, ndipo aongeze sekunde.