Adui Asiye na Uso: Vita vya Roho katika Utenzi wa Pwani na Kwaya ya Bara

Miongoni mwa tendi kongwe za Kiswahili zilizohifadhiwa, Utendi wa Tambuka ndio unaotajwa kwanza. Mwengo wa Athumani aliutunga Pate mwaka 1728, na katika beti zake zaidi ya 1,100 anasimulia vita vya Waislamu dhidi ya Herekali, mfalme wa Rumi. Mwaka huohuo Wareno walirejea Mombasa kwa muda mfupi na kuitwaa tena Ngome ya Yesu, ambayo Waomani walikuwa wamewapokonya mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kwa wasikilizaji wa kwanza wa utendi huo, askari wa Kikristo hakuwa mtu wa hadithi za mbali. Mizinga yake ilikuwa imesikika katika mwambao huohuo.

Inafaa jambo hilo likumbukwe na yeyote anayetaka kupima mashairi na nyimbo za Kikristo zinazoimba vita dhidi ya uovu na ushindi wa imani. Fani ambayo Mwengo aliitumia kuwapiga Warumi wa Herekali ndiyo ambayo, karne mbili na zaidi baadaye, Mkristo wa bara aliichukua kumsimulia Yesu. Upanga, ngao na bendera vilihama kutoka upande mmoja kwenda wa pili. Swali la mhakiki ni kama katika kuhama huko adui naye alibadilika.

Mutuka ni kata ya mji wa Babati, makao makuu ya Mkoa wa Manyara, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002. Ni nchi ya Wagorowa na Wairaqw, wenye lugha za Kikushi, na ya Wambugwe na Warangi, wenye lugha za Kibantu. Bahari iko mbali, na Kiswahili kilifika kwa njia ya soko, shule, boma la serikali na ibada. Hata hivyo, msikilizaji wa Unguja au Lamu akipita hapo Jumapili asubuhi, atasikia muumini akihimizwa kuvaa dirii kifuani na chapeo kichwani, kushika ngao na upanga. Chanzo chake ni sura ya sita ya Waraka kwa Waefeso, ambayo haikosi kutajwa popote vita vya roho vinapohubiriwa.

Mpenzi wa lugha hawezi kuipita orodha hiyo bila kusimama. Ngao na upanga ni maneno ya Kibantu. Dirii ni neno la Kiarabu, ambalo msomaji wa tendi amezoea kulikuta mwilini mwa mashujaa. Chapeo ni kofia iliyoletwa na Wareno. Silaha za kiroho za muumini wa Babati zimefuliwa basi katika bandari zilezile ambamo watu wa dini mbili walipigana kwa silaha za chuma. Watafsiri wa Biblia waliofanya kazi Mombasa na Zanzibar katika karne ya 19 hawakuwa na lugha ya vita isipokuwa ile ambayo pwani ilikuwa imeitumia kwa vita vyake. Tafsiri ya Muungano, iliyokamilika mwaka 1952, iliyasambaza maneno hayo hadi vijiji ambavyo havijawahi kuona jahazi.

Silaha hizo zikitazamwa moja moja, jambo moja hujitokeza. Mshipi, dirii, viatu, ngao, chapeo: vyote ni vya kumkinga avaaye. Upanga peke yake ndio wa kushambulia, nao unaelezwa papo hapo kuwa ni neno la Mungu, wala si chuma. Tena mwandishi wa waraka anajitambulisha kuwa amefungwa minyororo. Anayeieleza dirii hana dirii; anayo askari anayemlinda. Na kabla ya kuanza orodha yake anatoa sharti ambalo bila hilo mfano wote unaharibika: mapambano haya hayamhusu mwanadamu mwenye mwili. Adui wa vita hivi hana uso wa jirani. Kwa sharti hilo ndipo ushairi wote wa vita vya roho unapaswa kupimwa, na kwa sharti hilo ndipo mwingi huanguka.

Nyimbo zilizofika kwanza zilikuwa tafsiri. Kitabu kinachoimbwa na madhehebu mengi ya Afrika Mashariki kinaitwa Tenzi za Rohoni, na jina hilo ni heshima kwa pwani, ingawa wasomaji wa pwani watajua mara moja kwamba zilizomo si tenzi. Utenzi una mizani minane kwa kila mstari; mistari mitatu ya ubeti hupatana vina, na wa nne hubeba kina cha bahari kinachoshika shairi zima. Nyimbo hizo zinafuata tuni za Uingereza na Marekani, na vina huja kwa bahati. Kasoro kubwa zaidi iko katika mkazo. Mstari wa wimbo wa Kiingereza mara nyingi huishia kwenye silabi yenye mkazo. Kiswahili hukaza silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la tuni likiangukia mwisho wa neno “imani”, mwimbaji hulazimika kuikaza “ni” na kuiacha “ma” ikipita bila uzito. Neno ambalo wimbo mzima unalitegemea linatoka limepinda.

Pamoja na tuni ilikuja roho ya gwaride. Sabine Baring-Gould alitunga mwaka 1865 wimbo maarufu unaowaita Wakristo askari wanaosonga mbele. Aliutunga kwa ajili ya maandamano ya watoto wa kijiji kimoja cha Yorkshire, na tuni ya Arthur Sullivan ya mwaka 1871 ikaufanya uwe wimbo wa miguu zaidi kuliko wa moyo. Watoto wa Yorkshire waliutembelea njia ya kijijini. Katika makoloni ulisikika katika nchi ambako askari wa kweli, wenye bunduki, walikuwa wamepita kabla ya wamisionari au pamoja nao. Wimbo wa Martin Luther uliotokana na Zaburi ya 46, unaomwona Mungu kama ngome, una utulivu zaidi, kwa kuwa ngome hukaa mahali pake na hukimbiliwa na wanyonge. Lakini hata huo unamtaka msomaji wa Mombasa afanye kazi ya ziada, kwani ngome yenye jina la Yesu anayo mlangoni pake, na anajua ilijengewa nini mwaka 1593.

Aliyelitambua tatizo la fani na kulikabili kwa fani alitoka Dodoma, kilomita 251 kusini mwa Babati kwa barabara ya lami iliyozinduliwa mwaka 2018. Mathias Mnyampala (1917–1969), Mgogo na Mkatoliki, hakimu kwa kazi, aliyevumishwa na ngonjera zake, alichapisha Utenzi wa Enjili Takatifu mwaka 1963 na Utenzi wa Zaburi mwaka 1965. Hakuazima tuni ya Ulaya. Alirudi kwenye mizani minane na kina cha bahari, kwa washairi wa Pate na Lamu, akawapa kisa kisichowahi kukaa humo kwa namna hiyo.

Uzito wa alilofanya hauonekani mpaka kisa chake kiwekwe kando ya kile cha Mwengo. Utendi wa vita unadai shujaa anayeshinda kwa mkono wake. Injili inaleta shujaa anayekataa kutetewa kwa upanga usiku anapokamatwa, anayenyamaza mbele ya hakimu, na anayekufa kifo cha mhalifu. Ushindi unakuja baadaye, alfajiri, bila vumbi la farasi, na mashahidi wake wa kwanza ni wanawake. Mnyampala aliitia habari hiyo katika bahari iliyozoeshwa vishindo. Aidha, aliyefungwa na maandiko hana uhuru wa Mwengo wa kubuni mashujaa na mapambano, na urefu wa kazi ya namna hiyo haukosi kuchosha mahali pengine. Lakini alionyesha kwamba utenzi unaweza kubeba shujaa asiyeua. Hilo ni jambo kubwa katika historia ya fani hii, na halijapewa uzito unaostahili na wahakiki wanaomkumbuka kwa ngonjera tu.

Kwaya za sasa za Manyara, Arusha na Dodoma zimeshinda pale ambapo vitabu vya tafsiri vilishindwa. Watunzi wake wanalifuata neno: sauti hupanda panapopanda usemi, kiongozi huita na kundi huitikia, na mkazo wa Kiswahili umerudi mahali pake. Rose Muhando, aliyeanzia katika kwaya ya Kianglikana Dodoma na kuvuma nchi nzima katika miaka ya 2000, aliuita mmoja wa nyimbo zake Mteule Uwe Macho. Jina hilo peke yake lina somo la uhakiki: anayeonywa ni mteule mwenyewe. Hatari inatafutwa kwanza katika usingizi wake.

Si nyimbo zote zenye busara hiyo. Kasoro ya kwanza katika nyingi za vita vya roho ni ya kisanaa: ushindi hupatikana mapema mno. Ubeti wa kwanza unamtaja Shetani, wa pili unamkanyaga, na kilichobaki ni kibwagizo cha shangwe. Mwengo hakufanya hivyo hata kwa maadui aliowachukia. Mashujaa wa Rumi aliwapa majina, silaha na ushujaa, ili atakayewashinda awe ameshinda kitu. Wimbo ambao adui wake hana nguvu yoyote hauwezi kumfariji mama aliyekesha na mtoto mgonjwa, kwa sababu yeye anajua kwamba usiku ule ulikuwa na nguvu.

Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Adui anayeimbwa anaanza kupata uso: jirani mwenye husuda, shangazi asiye na mtoto, mzee anayeishi peke yake, mfanyakazi mwenza aliyepandishwa cheo. Maadui zangu watanitambua, walionicheka wataona. Maneno ya namna hii husikika kama imani, na kumbe yamelivunja sharti la waraka wenyewe. Katika Tanzania hili si suala la ladha ya kifasihi tu. Usukumani, kwa miongo kadhaa, wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi yao kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni. Wimbo hauui mtu. Lakini wimbo unaomzoesha msikilizaji kuutafuta uovu katika uso wa mwenzake unamnyima kinga ile ambayo imani yake yenyewe ilimkabidhi.

Wala pwani haina ruhusa ya kulitazama hili kwa mbali. Mwaka 1995 hofu ya Popobawa ilienea Pemba na Unguja, watu wakalala nje makundi kwa makundi. Katika hofu hiyo mtu mmoja aliyekuwa na maradhi ya akili aliuawa mjini Zanzibar na kundi lililomdhania kuwa ndiye pepo. Adui asiye na uso alitafutiwa uso, ukapatikana wa mnyonge.

Dawa imo katika hazina za pande zote mbili. Pwani inayo Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19. Hapo mshairi hapigani na mtu yeyote. Anausemesha moyo wake, anaubembeleza na kuukaripia, anauonyesha magofu ya Pate na fahari iliyozimika. Uwanja wa vita ni kifua chake mwenyewe, na ushindi hautangazwi. Wanazuoni wa pwani wamefundisha tangu zamani kwamba jihadi iliyo kubwa ni ile ya nafsi. Mkristo wa Mutuka akiisoma kazi hiyo atakuta ndani yake mstari wa mbele wa vita anavyohubiriwa kila Jumapili.

Babati nayo inayo sluufay, dua ya kishairi ya Wairaqw. Mzee husimama akasema, na waliokusanyika humwitikia sauti moja. Huombewa nchi, watu, ng'ombe na mvua, na huombwa kwamba baya liondoke. Ni ushairi wa kupambana na uovu uliokuwapo kabla ya kanisa na kabla ya Kiswahili. Nguvu yake imo katika kiitikio: kila mmoja anatia sauti yake ili dua itimie, na baya linaondolewa kwa wote. Mtunzi wa kwaya aliyekulia karibu na dua hiyo tayari anajua kuita na kuitikia. Kilichobaki ni kuikumbuka na maana yake, kwamba anayeomba uovu utoke anaomba utoke katika boma zima, lake likiwamo.

Fani ya utenzi ilizaliwa katika vita vya watu na watu, na imethibitika kuwa na nafasi ya kutosha kwa vita vya namna nyingine. Mnyampala aliipatia shujaa mpya. Kwaya zimeirudishia lugha mkazo wake. Kazi iliyo mbele ya watunzi wa nyimbo za ushindi, wa Mutuka na wa kwingineko, ni kumwacha adui bila uso hata pale hadhira inapomtaka, na kumpa nguvu za kutosha ili imani inayomshinda iwe imefanya kazi. Wimbo wa namna hiyo jirani mpweke, yule mwenye macho mekundu, ataweza kuketi kanisani na kuuitikia bila hofu.