Amri za Mizani Nane

Hapa Kililana chumvi haimwogopi mtu. Inaingia kwenye kufuli, kwenye redio, kwenye bawaba za madirisha, na kila baada ya majuma machache hunibidi niikwangue kwenye miguu arobaini ya prosesa yangu ya Z80 kwa mswaki uliochovywa spiriti. Mtoto wa ndugu yangu alinikuta siku moja nimekaa jamvini chini ya mkanju, bodi mbili za kale mbele yangu, waya zimetapakaa, betri ya sola ubavuni.

"Ami, hizo zote mbili hata picha hazipigi," akasema. "Wazilinganisha za nini?"

Swali la haki. Ng'ambo ya mikoko iko bandari ya Amu, yaani Lamu, ambayo ujenzi wake ulizinduliwa 2 Machi 2012 na gati yake ya kwanza ikafunguliwa 20 Mei 2021, na mitambo yake ya siku hizi ina prosesa ambazo hakuna mtu mmoja awezaye kuzijua hadi undani wake. Hizi zangu zajulikana zote, amri baada ya amri, kama mtu ajuavyo vyumba vya nyumba aliyozaliwa. Na ukishazijua mbili, kuzilinganisha hakungoji kuombwa.

Prosesa haifahamu ila nambari. Kila nambari ni amri: chukua, weka, jumlisha, ruka. Orodha ya amri hizo ndiyo lugha yake, na kuna watu walioketi wakaamua tendo lipi liwemo na lipi liachwe, wakijua kwamba kila neno litakaloongezwa litalipiwa kwa transista. Ufundi ninaousifu ni wao, na pia wa yule anayesoma kazi zao mbili bega kwa bega akaona mkono wa kila mmoja, kama mzee wa Matondoni atazamavyo ubavu wa jahazi akatambua fundi aliyeshika tezo.

Nianze na 8080, mama wa Z80 yangu, iliyotolewa na Intel mwaka 1974. Msingi wa amri yake ni baiti moja, biti nane. Kwa mtu wa visiwa hivi nane si hesabu ngeni. Kipande cha utenzi kina mizani nane. Mshororo wa shairi wenye mizani 16 hukatwa ukwapi na utao, nane kwa nane, sawasawa na anwani ya biti 16 inavyokatwa baiti mbili. Ila mashine hizi zina ukorofi wao: kwenye kumbukumbu hutanguliza utao.

Chukua 01111000. Biti mbili za mwanzo, 01, ni tendo: hamisha. Tatu zinazofuata, 111, ni mpokeaji, yaani rejista A, kichumba cha kushikia nambari ndani ya prosesa. Tatu za mwisho, 000, ni mtoaji, rejista B. Mswahili hana haja ya kuelezwa zaidi. Tangu utotoni amekuwa akisema "nitakupa", mtoaji, wakati, mpokeaji na mzizi, vyote ndani ya neno moja na kila kimoja mahali pake. Mara ya kwanza nilipoiona amri ile imepasuliwa hivyo ubaoni nilicheka peke yangu darasani.

Kisha kuna jambo ambalo kila nikilikumbuka hunifurahisha. Nambari 110 si rejista. Ni mahali kwenye kumbukumbu panapoelekezwa na jozi ya rejista H na L, yaani HL. Kwa hiyo 01110110 ingesema: hamisha kutoka mahali hapo kwenda mahali hapo hapo. Kazi bure. Waliopanga lugha hiyo hawakukiacha kiti kile kitupu, wakamkalisha HLT: simama. Amri isiyo na maana ikapewa kazi ya kunyamazisha mashine nzima.

Federico Faggin, aliyeongoza kazi ya 8080, aliondoka Intel akaanzisha Zilog, na mwaka 1976 ikatoka Z80. Z80 inafahamu kila nambari ya 8080. Lakini majina ya amri yalibadilishwa: wa Intel huandika MOV A,B, wa Zilog huandika LD A,B, na wote wawili wanapata nambari ile ile, 78 kwa hesabu ya kumi na sita. Ni kama sisi kusema ndia na wa Unguja wakasema njia. Miguu inapita pale pale.

Tofauti inaanza kwenye viti vilivyobaki. Kati ya nambari 256, 8080 iliacha 12 bila kazi. Zilog walizijaza zote, na nne kati yake wakazifanya milango: CB, DD, ED na FD. Ukisoma mojawapo, unajua amri yenyewe iko chumba cha pili. Hivyo wakapata nafasi ya amri tele bila kumfukuza hata mpangaji mmoja wa zamani. Gharama yake ni kwamba amri zikawa ndefu, nyingine za baiti nne, na sarufi safi ya 8080 ikaota viraka. Naikubali Z80 kwa ukarimu wake. Kwa unadhifu, hapana.

Bodi ya pili ni ya 6502. Chuck Peddle na wenzake walitoka Motorola wakaenda MOS Technology, na mwaka 1975 wakaiuza prosesa yao kwa dola 25, wakati 8080 ilikuwa imeanza kwa dola 360. Ubahili unaonekana kila kona. Ina aina 56 tu za amri. Rejista za kufanyia kazi ni tatu, A, X na Y, kila moja biti nane. Ukitoka Z80 kwenda huko wahisi umenyang'anywa sanduku la vifaa ukaachiwa tezo, keekee na msumeno.

Lakini tazama walichofanya. Baiti 256 za mwanzo wa kumbukumbu hufikiwa kwa anwani fupi ya baiti moja, upesi kuliko kwingine kote. Nikimfundisha mtu, humpeleka kwa mawazo kwenye nyumba za mawe za Amu, kwenye ukuta wa zidaka: chumba ni chembamba, samani ni chache, ila ukutani kuna vishubaka safu kwa safu, na kila kitu cha kutumia leo kiko umbali wa mkono. Rejista tatu, na zidaka 256.

Kulinganisha kwa sifa tupu ni porojo, kwa hiyo nizipe kazi moja: kunakili baiti. Z80 ina LDIR, amri ya baiti mbili. Weka chanzo kwenye HL, mwisho wa safari kwenye DE, idadi kwenye BC, kisha itamke mara moja tu. Itabeba mzigo wote yenyewe, mapigo 21 ya saa kwa kila baiti. 6502 haina kitu kama hicho. Lazima uandike chukua, weka, ongeza Y, rudi, na ukishapita baiti 256 uanze upya. Ila mzunguko huo mfupi ni mapigo 14. Sasa zirudishe kwenye kompyuta zilizozibeba: Z80 ya Sinclair Spectrum ilipiga milioni 3.5 kwa sekunde, 6502 ya BBC Micro milioni 2. Baiti moja kwa Z80, mikrosekunde 6. Kwa 6502, mikrosekunde 7. Mwenye maneno mengi na mwenye maneno machache wamefika gatini karibu pamoja.

Uchache una miiba yake, sikatai. 6502 haijui kujumlisha bila kuingiza salio la hesabu iliyotangulia. Lazima ulifute kwanza kwa CLC. Niliisahau amri hiyo nilipokuwa naandika programu ya kuhesabu siku za bamvua na maji mafu, na mashine ikawa inanizidishia moja, si kila mara, mara chache tu kiasi cha kunitia wazimu. Siku mbili nilimlaumu mwezi. Z80 inazo amri zote mbili, yenye salio na isiyo nalo, na ingenisitiri.

Nje ya bodi zangu mbili, 68000 ya Motorola, ya mwaka 1979, yenye rejista 16 za biti 32, wengi huiona kuwa ndiyo iliyopangika kuliko zote za enzi ile. Sibishani nao, ila haijawahi kunishangaza. Inayonishangaza ni ARM. Waliotengeneza BBC Micro, kampuni ya Acorn, walitafuta prosesa ya kuirithi 6502, hawakuridhika na zilizokuwepo, na Sophie Wilson na Steve Furber wakabuni yao. Ilifanya kazi Aprili 1985. Kila amri yake ni biti 32, wala haizidi wala haipungui. Vipande vinne vya mizani nane: ubeti mmoja wa utenzi. Na biti nne za kwanza za kila amri zilikuwa sharti, zikifanya kazi ambayo sisi huifanya kwa "-ki-": ikiwa sawa, jumlisha; isipokuwa sawa, pita.

Nilimwambia mtoto wa ndugu yangu atoe simu yake mfukoni. Prosesa iliyomo ni ya ukoo huo, na amri zake bado ni za biti 32, ingawa lile sharti la mwanzo limeondolewa kwenye karibu zote. Akaitazama simu, akaitazama bodi ya 6502, akaniuliza CLC ni nambari gani. Ni 18 kwa hesabu ya kumi na sita.

Zilog walifunga oda za Z80 ya asili Juni 2024, baada ya miaka 48. Zilizobaki ndizo hizo zilizobaki. Basi ukiwa na kompyuta mbovu ya zamani, au bodi ya mafunzo iliyotupwa stoo ya chuo, usimpe wa vyuma chakavu kabla hujaifungua ukasoma maandishi juu ya ile chipu ndefu ya miguu arobaini. Na ukiishi pwani, isugue kwa spiriti kwanza.