Jicho la Mfuga Matumbawe

Nimekulia Mji Mkongwe, ambako tumbawe ni jiwe la ukuta. Kwamba lina nyama inayoweza kuliwa likiwa hai nilikuja kujua ukubwani, mbele ya tangi la kioo sebuleni kwangu, siku tawi la zambarau la tumbawe aina ya akropora lilipoanza kupauka upande wa kivulini. Aliyenifundisha kufuga matumbawe aliinama na tochi, akanionyesha vidoa vya mviringo, kila kimoja kama milimita moja. "Amekula hapa," akasema, "na hapa."

Mlaji mwenyewe hatukumwona. Ni mnyoo bapa, mwembamba kama utando wa kitunguu, ambaye wanasayansi walimpa jina mwaka 2011, wakati wafugaji walikuwa wamekwisha kuteswa naye kwa miaka. Alapo nyama ya tumbawe humeza na vimwani viishivyo ndani yake, navyo humpaka rangi ya kile anachokila. Mwalimu wangu alivuta maji kwa bomba la sindano, akayapuliza kwa nguvu kwenye shina. Kipande cha tawi, ndivyo nilivyodhani, kikabanduka na kupepea majini.

Minyoo wakubwa huanguka kwa dawa. Unachukua beseni, maji ya tangi lenyewe na levamisoli, ileile wanayonyweshwa mbuzi wenye minyoo, kisha unachovya na kupuliza.

Lakini dawa haiui mayai, na hapo ndipo ninapomvulia kofia fundi. Mayai yako kwenye jiwe tupu, pale nyama ilipokwisha kuliwa: chembe za hudhurungi zilizobanana kama punje kwenye gunzi. Huyakwangua kwa ncha ya kisu, mswaki ukifuata nyuma. Shina lisilofikika hulikata akalitupa, tawi akalibandika upya kwa gundi. Halafu huhesabu siku. Yai lililomponyoka litaanguliwa baada ya wiki mbili tatu, kwa hiyo beseni hurudi kila juma, kabla watoto hawajafikia umri wa kutaga. Mwalimu wangu aliandika tarehe kwa penseli ukutani, pembeni ya tangi, na hakuruka hata moja, hata matawi yalipoonekana yamepona.

Mara ya sita tuliyamimina maji ya beseni kwenye sahani nyeupe, tukayapitia kwa kioo cha kukuzia. Hapakuwa na kitu. Chini ya tawi, pale kisu kilipokwangua, ukingo mpya wa nyama ulikuwa umeanza kutambaa juu ya jiwe, mweupe, mwembamba kama ukucha wa mtoto.